Dobi Aliyeanza na Doa Kubwa

Saa mbili na nusu asubuhi, pasi imeshapata moto. Dobi anairushia tone la maji kwa ncha ya kidole, tone linalia na kutoweka. Mbele yake yamerundikana mashati thelathini na mawili ya wahudumu wa hoteli, na yote yanatakiwa kabla ya adhuhuri.

Ana miaka arobaini na saba, na nusu ya umri huo ameimaliza katika chumba hiki chenye dirisha moja. Wateja humwita Mama Pasi. Ukimuuliza jina lake hasa, anacheka: "La nini? Umetumwa na polisi?"

"Chai imepoa!" sauti inafoka kutoka chumba cha nyuma.

"Nakuja, baba."

Huyo mzee ndiye aliyemlea peke yake, kwa mkanda. Ukivunja kikombe, mkanda. Ukilia, mkanda tena, kwa sababu umelia. Kila pigo lilisindikizwa na methali: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

"Niliapa sitakuwa kama yeye," anasema dobi, akinyoosha kola. "Kuapa rahisi, ulimi hauna mfupa."

Mwaka jana binti yake wa miaka kumi na minne aliunguza blauzi ya mteja. Dobi anachokumbuka ni kujikuta ameshika waya wa pasi, na mtoto amejikunyata chini ya meza. Jioni ile binti alihamia kwa mama yake mkubwa. Miezi kumi na moja sasa, hajarudi.

Ndipo dobi alipobisha hodi kwa mshauri wa saikolojia, mwanamke aliyenyoa kichwa, aliyewahi kuishi miaka minane katika nyumba ya watawa wa Kibuddha. Huyo huchanganya elimu zake mbili. Kwanza unasimulia yaliyokupata utotoni, bila kuyapamba. Kisha unakaa kimya, unafuata pumzi, unayaacha maumivu yaje na yapite. Mwisho unatakia watu mema, kwa mpangilio: wewe mwenyewe, anayekupenda, mtu baki, halafu ndipo aliyekuumiza.

Dobi akaupindua mpangilio. "Kazini naanza kuloweka nguo yenye doa kubwa. Nikadhani na huku ni hivyo hivyo."

Wiki tatu alikaa kila asubuhi akimwombea baba yake amani. Kisha akamwendea chumbani, akamwambia: "Baba, nimekusamehe."

Mzee akamtazama. "Kwa kosa gani?"

Dobi alivunja kila chombo kilichokuwa mezani. Duka likafungwa siku nne.

"Dada yangu, nani alikutuma huko?" mshauri alimuuliza. "Umejiruka mwenyewe."

"Mimi sina shida."

"Basi jitakie mema, nikusikie."

Dobi akaanza kukunja na kukunjua leso yake. Halikutoka hata neno moja.

Bado halitoki vizuri. Siku nyingine analiacha nusu, anarudi kwenye mashati yake macho yakiwa mekundu. Dada yake, anayemlea binti, humkejeli: "Watu wanakwenda hospitali, wewe unakwenda kukodolea ukuta macho!"

"Nakwenda kujifunza kushusha mkono," humjibu. "Wewe hukupigwa, ulikuwa kwa bibi."

Hata hivyo, hamtukuzi mshauri wake. "Anasema kutafakari hakufuti doa, kunakufundisha kulitazama bila kulikimbia. Mimi ni dobi. Jibu hilo linanifurahishaje?"

Baba hajabadilika. Akiulizwa kuhusu mkanda, hujibu huku akipuliza chai: "Si amekuwa mtu? Ana kazi, ana duka. Angebembelezwa angekuwa wapi leo?" Dobi husikia yote hayo, humwosha, humbadilisha shuka, hutoka. Mapenzi hayamo humo, na yeye hayasingizii.

Jumapili anakwenda kumwona binti. Kwenye simu mtoto alisema: "Njoo, lakini usije kunichukua." Hatamchukua. Amepanga kusema maneno matatu tu: nilikupiga, hukustahili, nisamehe. Hufanya mazoezi kwa mshauri, mbele ya kiti kitupu.

"Kila nikimaliza," anasema, akiweka shati jingine juu ya rundo, "najisikia nikiongeza: lakini nilikuwa nimechoka, lakini na wewe ulizidi. Maneno yale yale ya mzee. Nina siku nne za kujifunza kunyamaza hapo."