Muuaji wangu na macho yake mekundu

Jamani, leo muuaji wa hadithi yangu amenigongea mlango.

Mnamkumbuka: yule kikongwe wa macho mekundu anayechinja wajukuu zake. Mlimshangilia hapa ukurasani, mkataka damu zaidi.

Aliyegonga ni jirani yangu hapa Ipuli, Bibi Kalunde, muuza vitumbua. Binti yake alimsomea hadithi yote.

Nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba, akasema:

"Mjukuu wangu, macho yangu ni moshi wa kuni tu. Dada yangu kijijini walimkata mapanga kwa macho kama haya, wakimwita mchawi."

"Bibi, ile ni hadithi tu."

"Na kule walianza na hadithi."

Nimeifuta.

Nyie mnaodai sehemu ya pili, piteni kwake jioni hii. Anapika vitumbua amevaa miwani ya jua.