Ujumbe kutoka kwa Papa Josué

Jamani, sikilizeni haya.

Leo asubuhi, hapa kwenye kampuni yetu ndogo ya kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mjini Kamembe, Rwanda, Maman Riziki amepata ujumbe. Umetoka kwenye namba ya mume wake, Papa Josué, mwenzetu aliyepotelea Bukavu wakati wa vita.

"Niko muzima. Nitumie kode iliyoingia sasa hivi."

Maman akalia kwa furaha, akaanza kuandika kode iliyoingia kwa SMS. Ndiyo namba ya siri inayofungua akaunti ya kampuni!

Nikamshika mkono. "Muulize kwanza, mtoto wenu wa mwisho anaitwa nani?"

Akauliza.

Simu inaonyesha: anaandika… Anaacha. Anaandika tena…

Halafu picha ya Papa Josué ikatoweka. Ametublock, hatuwezi tena kumwandikia.

Akaunti imepona. Lakini Maman ananiuliza:

"Simu yake iko na bale batu. Na yeye, balimuweka wapi?"

Nyinyi mungemujibu nini?