Taa ya Kucha na Uso wa Papa Léonard

Haya ninayoandika, hakuna muntu wa Kalembe atayaamini, na mimi simulazimishi muntu. Mimi Samy, niliyefika mwaka wa tano wa primaire na kumupita mwalimu kwa akili, nasema tu hivi: bila mimi, Adelaïde hangetoboa.

Adelaïde ni mutoto wa dada yangu. Analima maharagi kama sisi wote, lakini iko na ufundi mumoja aliojifunza Goma. Anapaka dawa kwenye karatasi, inakauka na rangi ya kijani-njano. Analaza juu yake jani la muharagi, anafunika na kioo, anaanika kwa jua. Akiosha na maji, jani linabaki jeupe katikati ya bluu. Picha ile haichakai. Zile za mashine, ukungu wetu wa milima unazilamba mwaka moja tu, zimekwisha.

Njo maana Mama Dorothée alikuja kwake. Bwana yake, Papa Léonard, alikufa mwaka jana, na familia ilikuwa imepanga chakula cha kumaliza kilio, Jumamosi ya juma la tatu. Sura yake ilibaki moja tu, ndani ya simu.

"Mutoto, unitengenezee huyu muzee kwa bluu," akasema. "Nimechoka kumuwasha na kumuzima kama tochi."

Adelaïde akaituma ile sura Goma, ikarudi kwenye plastiki, nyeusi na nyeupe zimebadilishana. Kila kitu kikawa tayari, jua likakataa. Siku tisa, mvua na ukungu. Barabara imefungwa, na karatasi nzima ilibaki moja tu. Nyingine zilikuwa vipande vya kujaribia.

"Tonton," akaniambia mimi mujomba wake, "karatasi inapikwa na ule mwangaza wa jua ambao jicho haliuone. Ultraviolet. Unitafutie taa iko nao."

Angemuuliza nani mwingine? Nikaenda kwenye nganda, ile baa ya Jean de Dieu, nikaazima taa yake ya zambarau inayozunguka, ile inayofanya kila mulevi aonekane askofu. Nikaibeba kichwani, watu wakanifuata kama maandamano. Adelaïde akaweka ufunguo juu ya kipande cha karatasi, akawasha robo saa, akaosha. Karatasi ikatoka nyeupe, kama haijazaliwa.

"Tonton, umeniletea rangi tu, si ule mwangaza."

"Lakini inaumiza macho!"

"Karatasi haina macho yako."

Byamungu, mubadilisha pesa, akatoa kale ka-taa kake kanakoonyesha dola ya bandia. Nikacheka: kimulimuli! Lakini alama ya ufunguo ikaonekana, na bluu kidogo pembeni.

"Njo mwangaza wenyewe," akasema Adelaïde, "lakini ni kadogo. Kataivisha jicho moja la Papa Léonard leo, lile lingine lingoje Pasaka."

Basi akaenda kwa Fifi, anayepaka wamama rangi ya kucha sokoni, akaazima taa ya kukausha kucha. Iko kama bakuli iliyopinduliwa, mukono moja unaingia, na haili umeme mwingi. Betri ya sola ilikuwa na njaa ya siku tisa. Ubaya, kila dakika moja inajizima. Adelaïde akafunika kipande na katoni, akawa anakivuta kidogo kila dakika, akaosha, akahesabu ngazi za bluu. Ya kumi na ine, yaani dakika kumi na ine, ikafanana na bluu ya uniforme ya shule. Akatabasamu.

Mimi nikasimama. "Muzee mukubwa vile, chini ya taa ya kucha? Watu watasema nini?"

Mama Dorothée akanitazama. "Papa Samy, bwana yangu alilima miaka makumi ine. Kucha zake hazikupata nafasi hata siku moja. Acha zipate."

Ijumaa ile karatasi ya mwisho ikaingia, plastiki ya sura juu yake. Ilipooshwa, yakatoka masikio kwanza, halafu kofia, halafu ule mudomo. Mama Dorothée akainama karibu yake.

"Njo yeye," akasema. "Hata hasira yake ya asubuhi iko."

Na kifungo cha taa, kila ilipozima, nani alikibonyeza? Ni mimi, mara mia ine, bila kula, bila kunywa, kidole kikavimba kama kiazi, mpaka betri yenyewe ikaniomba—

"Tonton." Adelaïde iko anasoma nyuma ya bega langu. "Ilikuwa mara kumi na ine. Ulibonyeza mbili, ukaenda kurudisha taa ya Jean de Dieu, tukakuona tena Jumamosi kwenye chakula."

Haya, kumi na ine. Lakini zile mbili zangu zilikuwa nzito, kila moja ilikuwa sawa na—