Mgomba Uliozikwa Badala ya Mjomba

Juzi pale Mwanjelwa nilipishana na mkokoteni uliobeba shina la mgomba. Harufu ya utomvu wake ikanirudisha uani kwa bibi, kule Tukuyu, alasiri moja ya mvua.

Boti aliyopanda mjomba Ambwene ilikuwa imezama Ziwa Nyasa. Maiti yake haikuonekana, basi wazee wakazika shina la mgomba badala yake, kama walivyozoea. Mimi, bado mtoto, niliamini kwamba maji yalikuwa yamemgeuza mgomba.

Siku ya kumaliza matanga, mjomba akaingia uani kwa miguu yake, amevaa koti lile lile la jeshi la mkoloni alilosafiri nalo, ananuka samaki. Wavuvi wa ng'ambo walikuwa wamemwokoa. Wanawake wakaacha kupika.

"Mama, ni mimi."

"Mwanangu nimeshamzika," bibi alisema. "Aliyekwisha kuzikwa akirudi, huja kuchukua wengine. Rudi ulikotoka, usije ukatumaliza."

Nilidhani macho yake yamefifia. Nikamvuta kanga. "Bibi, huyu si mjomba?"

"Namwona," alijibu, akachota majivu ya moto jikoni akamrushia usoni.

Mjomba aliondoka akipapasa njia. Bibi akafuta machozi, akatupakulia ndizi za matanga ya mjomba.

Nilikula nikashiba.