Siku Niliyoutembea Mpaka

Ninafundisha uraia katika shule moja ya Rumonge, na kila Jumatatu asubuhi mimi ndiye ninayewapanga wanafunzi mbele ya bendera. Nina sauti nzuri, kila mtu anasema hivyo. Naitumia kuwaambia watoto kwamba kuipenda nchi ni kusema kweli hata ikikuuma. Wananakili, nami nasahihisha tahajia zao.

Nilizaliwa Tanzania, kambini, kwa wazazi waliokimbia Burundi na sufuria moja. Baba hakunifundisha nchi kwa ramani. Alikuwa anachukua kijiti na kunichorea chini, mbele ya mlango wetu, shamba letu la michikichi lililo juu ya barabara ya ziwani. Hapa kijito, hapa ua wa minyaa, hapa konani mchikichi alioupanda mwenyewe mwaka aliooa, wenye shina lililopinda kama mtu aliyeinama kunawa uso. Mama akija kufagia, mchoro unafutika, na kesho yake baba anachora tena. Kwangu mimi Burundi yote ilikuwa pale chini, haizidi upana wa mkeka. Baba alikufa bila kurudi. Mimi niliporudi nilikuwa mtu mzima, nina mke na cheti cha ualimu, na nilikuwa nimeililia miaka yote nchi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Shamba nililikuta lina mtu. Alikuwa mama mmoja mjane, jirani wa zamani wa wazazi wangu. Marehemu mumewe aliliunganisha shamba letu na la kwao baada ya sisi kukimbia, na yeye amelilima lote tangu hapo. Sikuwa na karatasi wala shahidi. Watu walikicheka Kiswahili changu, wakaniita Mtanzania, na wengine walimshauri yule mama aseme tu hanijui, mambo yaishe.

Huku kwetu ugomvi wa shamba hauishii mezani. Wazee na mkuu wa kolini, yaani kitongoji chetu, wanakuja hapohapo shambani, majirani wote wanaitwa, na shahidi anatangulia peke yake, akiutembea mpaka kwa miguu yake, huku wengine wakimfuata kimya. Anapopita ndipo mpaka unapopita. Siku hiyo yule mama alivua kandambili akatangulia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mchikichi uliopinda, akauwekea kiganja.

"Huyu baba yake ndiye aliupanda," alisema. "Kutoka hapa kuenda juu iko yao. Kutoka hapa kuenda chini iko yetu. Niseme nini ingine? Mutoto amerudia kwao."

Kwa maneno hayo alipoteza nusu ya mawese yake. Nilipiga magoti kumshukuru. Akanivuta mkono, akaniambia niache kuchafua suruali, murakoze moja inatosha.

Tukawa majirani hasa. Yeye ndiye aliyemkanda mke wangu alipojifungua, na wakati wa kukamua mawese tulitumia pipa moja. Mwaka uliofuata utomvu wa minyaa ulimrukia binti yangu jichoni, nusura apofuke, basi tukaung'oa ule ua wote. Lilikuwa wazo langu. Mpaka ukabaki kwenye mchikichi na vichwani mwetu, na hatukuona sababu ya kuuweka mahali pengine.

Kisha miaka michache iliyopita mkuu wa kolini alikuja nyumbani kwangu na mabwana wawili wenye viatu visivyo na vumbi. Walisema sehemu ya chini, ile ya yule mama jirani, inatakiwa kwa ujenzi wa shule ya sekondari. Kama ina mwenyewe, kesi itakuwa ndefu. Kama ilikuwa mali ya leta, yaani ya serikali, tangu zamani, basi kesi haipo, na serikali inachukua kilicho chake. Ua hauonekani tena. Anatakiwa mtu wa kuutembea mpaka.

"Mwalimu, weye ni muzalendo," mkuu wa kolini aliniambia. "Watoto wanakaa wangapi kwa banki moja mu klasi yako? Baba yako alikufa analilia hii nchi. Leo nchi inakuomba kitu kimoja tu."

Laiti wangenitisha. Ningekuwa na la kujitetea leo. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyenipa hata soda. Walinisifu tu, nami nikasifika, mjinga mie. Usiku kucha nilijiambia kwamba mama mmoja hawezi kuzuia watoto wa tarafa nzima, na kwamba yule niliyemtamani tangu utotoni, yaani nchi, hatimaye amenijua na ameniita. Niliamka mwepesi, nikaoga, nikavaa shati la Jumatatu.

Watu walikusanyika. Nami nilivua viatu, nikatangulia, nikaenda moja kwa moja hadi kwenye mchikichi wa baba. Niliuwekea kiganja pale alipouwekea yule mama. Nikasema, baba yangu aliniambia kwamba kutoka hapa kwenda chini ni shamba la serikali, na mume wa huyu mama alivamia tu.

Baba hakuniambia hivyo kamwe. Nilimtia maneno mdomoni akiwa kaburini, katika nchi ya watu.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa amesimama karibu sana nami, amejifunga kitenge chake cha kanisani. "Mwalimu," alisema taratibu, "sema tu kile unajua."

Nikarudia yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi, ile sauti yangu ya bendera. Mzee mmoja akagonga fimbo chini, na kesi ikaisha.

Shule haipo. Walisimamisha kibao na mlingoti, bendera ikapandishwa, na imechanika pembeni kwa upepo wa ziwani. Michikichi ya mama inaendelea kuzaa. Wanakuja watu nisiowajua, wanakata mikungu, wanapakia kwenye gari, wanaondoka, na hakuna anayewauliza kitu. Mara moja nilimuuliza mkuu wa kolini shule itaanza lini. Aliniuliza kama nimeanza kuitilia leta mashaka. Nikacheka. Yeye akacheka pia, tukaachana vizuri. Nimefikiria kwenda mbele ya wazee kusema nilidanganya, na kila mara naanza kwa kuhesabu miaka iliyobaki kabla ya pensheni yangu. Naogopa, hilo ndilo jambo lenyewe. Naijua kweli, naifundisha mara mbili kwa wiki, na siwezi kuifanya.

Mama alikaa miaka mitatu kwenye kibanda kilichobaki kando ya barabara, akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa kopo. Kila nikipita alinisalimu, "Amahoro, mwalimu," na mimi nilijibu nikiangalia ziwa.

Mwezi uliopita, Jumamosi mchana, alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunitukana, na nakiri moyo wangu ulifurahi, kwa sababu nilikuwa nangoja nitukanwe. Akaketi kwenye ngazi.

"Mutoto wangu iko kambini, Tanzania. Ameniita," alisema. "Weye ulizaliwa kule. Unijuze. Kuni wanatoa wapi? Maji iko karibu?"

Nilimjibu vizuri, hatua kwa hatua, kama mwalimu. Nilimwambia abebe sufuria yenye mfuniko, na jembe bila mpini, kwa kuwa mipini inapatikana. Alikuwa anarudia kila neno kwa kunong'ona ili asisahau. Mwanamke ambaye hakuwahi kukimbia, katika miaka yote ambayo watu walikimbia, alikuwa anajifunza ukimbizi kwangu.

"Wajukuu wangu hawajaona shamba," alisema tena. "Uliniambia baba yako alikuwa anakuchorea. Alikuwa anachora namna gani?"

Nilitafuta kijiti. Nikapiga magoti mbele yake, nikachora vumbini: kijito, barabara, ua wa minyaa tuliong'oa. Nilipofika kwenye mchikichi mkono ulisita. Kisha nikauchora, na mpaka nikaupitisha palepale ulipo kweli, na chini yake shamba lake lote, hadi barabarani.

Aliinama akauangalia. "Eh. Ni palepale," alisema.

Akasimama, akanyoosha mguu, akaufuta mchoro wote kwa unyayo, pande zote, mpaka vumbi likawa sawa.

"Isikuletee matata, mwalimu," akasema, akaenda kufunga mizigo.