Nimezima TV ya kinyozi changu

Leo nimezima TV ya kinyozi changu hapa Malili, na sina amani.

Nilikuwa namnyoa Mutua. Kaka yake alipigwa risasi na majambazi mwaka jana, hapa tu sokoni, akafa.

Sasa kwa filamu iliyokuwa kwa TV mtu akapigwa risasi, akaanguka vibaya. Nikacheka.

Mutua akasema, "Zima hiyo kitu."

Nikamjibu, "Kwani ni filamu ilimuua kaka yako?"

Akaniangalia kwa kioo. "Sijui. Lakini akiwa pale chini akiomba maji, watu walisimama wakimrekodi, kama wako kwa sinema."

Nikazima TV, nikamaliza kumnyoa.

Wueh. Mimi pia nilikuwa pale. Video bado iko kwa simu yangu.

Watu wangu, niifute tu, ama nimwambie kwanza?