Aliyejenga Birika la Ubatizo

Saa moja asubuhi, Ijumaa. Fundi Timazi amepiga magoti ndani ya birika tupu, suruali ameikunja, anasugua ngazi kwa brashi ya waya. Keshokutwa kuna ubatizo. Kila ngazi anaipapasa kwa kiganja, asije mtu akateleza.

Ana miaka sabini na mitatu. Jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, alipewa na waashi wenzake, kwa vile ukuta ukipinda kidogo tu alikuwa hali, halali. Kwa miaka ishirini na tisa ametunza kanisa hili la Kibaptisti. Birika ni kazi ya mikono yake, na ni kongwe kuliko jengo la kanisa lenyewe.

Yeye hajabatizwa.

"Watu hudhani natania," anasema bila kuinua kichwa.

Kanisa lilianza na watu tisa kwenye karakana ya seremala, wamekalia mbao zisizorandwa. Mmoja wao alikuwa mkewe. Kila Jumapili alirudi na maranda kwenye gauni, na mumewe akanuna hadi Jumanne.

"Nikamwambia, mama watoto, kanisa gani halina hata mlango? Akacheka. Akasema, si utujengee, fundi wewe!"

Hakujenga. Wanane walipobatizwa mtoni, mkewe alisimama ukingoni akiwashikia nguo, maana mume alikuwa amemkataza.

Miaka miwili baadaye figo zilimwangusha mama huyo. Mtoni hakuweza tena kufika. Ndipo Fundi alipotokea karakanani na mwiko wake.

"Nionyesheni pa kuchimba," aliwaambia.

Alijenga kwa siku kumi na tisa, kwenye kiwanja kitupu ambapo kanisa lingejengwa baadaye, chini ya jua. Siku ya ubatizo miguu ya mkewe ilikataa. Akambeba mwenyewe, akashuka naye majini, mchungaji akatamka maneno.

"Alikuwa mwepesi mno. Hapo nikajua," anasema. "Alipoibuka akafuta uso, akaniambia, umejenga vizuri, baba watoto."

Alifariki wiki tano baadaye.

Jengo la kanisa liliposimama, Fundi akaomba kazi ya kulitunza, lakini wakati wa ibada alikaa nje, kwenye kibao kando ya mlango. Wachungaji watatu walimbembeleza aingie. "Nilikuwa na kinyongo na Mungu. Na mimi mwenyewe pia."

Mwezi uliopita alizikwa seremala, wa mwisho kati ya wale tisa. Makaburini msichana mmoja akauliza waanzilishi walikuwa akina nani. Wote wakamgeukia Fundi. Akawataja mmoja mmoja. Alipofika kwa mkewe, akalitaja jina lake mara mbili.

Kesho yake alimfuata mchungaji: "Niandike kwenye ubatizo."

Binti wa Fundi amejitolea kumshika mkono Jumapili. Amekataa; atashuka mwenyewe.

"Kinyongo hakijaisha chote," anasema, akifungua bomba. "Lakini nikitoka majini nataka kukaa ndani, benchi la mbele kabisa, nimwone anayehubiri. Miaka yote hii nimesikia sauti tu."